Makamasi siyo uchafu: maswali kuhusu ute wa njia ya hewa

Swali: Huu ute wa puani na kifuani una kazi gani zaidi ya kutusumbua?

Jibu: Kazi kubwa sana. Kila ukivuta pumzi unaingiza vumbi na vijidudu, vinanasa kwenye ute, halafu kuna vinywele vidogo mno vinausukuma taratibu mpaka kooni unaumeza bila hata kujua. Ila kunasa peke yake haitoshi, bakteria aliyenaswa bado yuko hai na pale pana joto na unyevu, akiachwa anazaana tu, sasa hapo ndo vimeng'enya vinafanya kazi.

Swali: Vimeng'enya? Si ni vile vya kusaga chakula?

Jibu: Hivi navyo vinakatakata, ila vinamkata bakteria mwenyewe. Maarufu ni laisozaimu, imo kwenye makamasi, mate, machozi, maziwa ya mama, hata kwenye ute wa yai la kuku. Bakteria ana ukuta mgumu uliofumwa kwa minyororo ya sukari, laisozaimu inaikata ile minyororo, ukuta unalegea, maji yanaingia, anavimba anapasuka. Seli zetu hazina ukuta huo ndo maana sisi haitudhuru. Aliyeigundua ni Alexander Fleming, yule yule wa penisilini, mwaka 1921 hospitali ya St Mary's, London: alikuwa na mafua, akachukua makamasi yake mwenyewe akayaweka kwenye sahani yenye bakteria, akakuta wanayeyuka. Penisilini yenyewe ilikuja 1928!

Swali: Sasa mbona nimonia bado inatupata?

Jibu: Kwa sababu bakteria nao wana mbinu. Wengine wana utando wa nje unaofunika ukuta, laisozaimu haiufikii kirahisi, na bakteria mmoja aitwaye Staphylococcus aureus yeye anaubadilisha ukuta wake usikatike. Ndo maana ndani ya ute kuna wasaidizi, mfano laktoferini, hii ni protini inayokamata madini ya chuma ili bakteria ayakose na pia inaulegeza ule utando. Halafu sigara, na moshi wa kuni jikoni kila siku, vinachosha vile vinywele, ute unatuama kifuani. Hili la moshi tunalipuuza mno jamani, hasa kwa watoto wanaobebwa mgongoni mama akipika.

Swali: Makamasi yakiwa ya kijani si ninunue tu antibayotiki?

Jibu: Hapana, tafadhali. Ule ukijani unatoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizokuja kupigana, na hata mafua ya virusi yanauleta, na virusi antibayotiki haiwagusi kabisa. Ila ukiona homa kali, mtu anapumua kwa shida, mtoto kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au kohozi lina damu, usisubiri, nenda kituo cha afya. Na kikohozi kikipita wiki mbili nenda ukapime TB hata kama unajisikia vizuri.