Mtama ukitema sumu, jirani anajikingaje?

Ukitaka kuiona sumu ya mmea kwa macho, otesha mtama. Panga punje chache juu ya karatasi yenye unyevu, funika, ziache gizani siku nne au tano, kisha weka mzizi mmoja chini ya hadubini. Kwenye ncha za vinyweleo vya mzizi utaona vitone vya manjano ya dhahabu, vizito kama mafuta. Hiyo ndiyo sorgoleoni. Nimeiona mara nyingi, na mpaka leo huwaita wanafunzi waje kutazama.

Sumu hii ikiingia kwenye mche mchanga, hukwama ndani ya mitambo ya usanisinuru na kuzuia mwanga kugeuzwa kuwa nguvu. Hushika palepale panaposhikwa na atrazini, dawa ya magugu inayopigwa kwenye mahindi. Mchicha hudumaa, mahindi huendelea kukua. Mbegu kubwa ina akiba ya kuanzia maisha, hilo ni kweli, lakini kinachonivutia mimi ni kazi inayofanyika ndani ya seli.

Mmea hauwezi kukimbia, wala hauna figo. Sumu ikishaingia, lazima ishughulikiwe humohumo. Kwanza vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, vya kundi la saitokromu P450 huipachika oksijeni, yaani huitengenezea mpini wa kushikia. Kwenye mpini huo vimeng'enya vingine huifunga sukari. Sumu nyingine hufungwa na glutathioni, molekuli ndogo ambayo seli huwa nayo tele. Ikishabebeshwa mzigo huo, sumu haipenyi tena utando wa seli kirahisi, na mara nyingi haitoshei pale ilipokuwa ikishika. Mwisho, pampu huisukuma ndani ya vakuoli, ghala la seli, ikafungiwa humo.

Mahindi ni hodari wa kazi hii kwa sababu nayo yanatengeneza sumu, iitwayo DIMBOA. Huiweka kwenye vakuoli ikiwa imefungwa na sukari, na kimeng'enya cha kuifungua kinakaa chumba kingine. Kiwavi akitafuna jani, kuta zinabomoka, viwili hivyo vinakutana, sumu inafunguka mdomoni mwake. Mizizi ya mahindi ikikutana na BOA, sumu ya ukoo huohuo inayopatikana udongoni, huifunga sukari vilevile.

Sasa fikiria atrazini, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Mahindi hayakuwahi kuijua, lakini yanaifunga kwa glutathioni, na DIMBOA nayo husaidia kuiharibu. Mtama pia huistahimili kwa glutathioni. Ndiyo maana unapiga dawa shamba zima, magugu yanakauka na mahindi yanabaki wima.

Msimu uliopita mkulima mmoja alinionyesha tuta la mchicha uliodumaa, akilalamikia mbegu. Nikamuuliza palikuwa na nini kabla. Mtama, akasema, uliovunwa wiki mbili nyuma. Sikuitupia sorgoleoni lawama zote, maana mabua yanapooza hunyang'anya udongo naitrojeni pia. Tulifukua kidogo kwa jembe: visiki bado vibichi, mizizi imejaa. Nikamwambia apande kunde hapo kwa sasa, mchicha usubiri mpaka bakteria wa udongo waimalize ile mizizi.