Ukienda kusoma Kirusi Kazan, anzia sokoni, Kremlin itakusubiri

Mimi nafundisha Kirusi na kutafsiri, na kila ikikaribia mwezi wa nane meseji zinaanza kumiminika za vijana waliopata skolashipu ya Urusi, swali karibu ni moja, mwalimu nikifika huko nifanye nini niujue utamaduni wao? Ukimbana kidogo unakuta anamaanisha ngoma, mavazi ya asili na makanisa yenye makuba ya dhahabu ya kupigia picha. Sawa, vipo na vinapendeza. Ila utamaduni utakaokupa lugha ni ule wa kuchosha, wa foleni, basi, jiko la hosteli na soko la viazi.

Niongelee Kazan maana ndo mji ninaoujua, na kwa mtu wa pwani ule mji una mambo yake. Ni makao makuu ya Tatarstan, uko kando ya mto Volga, watu kama milioni 1.3, Warusi na Watatari (wenyeji wa huko, wengi wao Waislamu) wamechanganyika, kwenye metro vituo vinatangazwa kwa Kirusi, Kitatari na Kiingereza. Chuo kikuu chao kilianza 1804, mwandishi Tolstoy alipita pale akaacha bila kumaliza, Lenin yule wa mapinduzi akafukuzwa 1887 kwa mambo ya mgomo wa wanafunzi, hizo stori utasimuliwa mapema tu.

Mwaka wa kwanza ni podfak, yaani mwaka wa lugha kabla ya kuanza digrii, lengo ufike kama B1, yaani kiwango cha kati cha lugha. Watu wanatishana na zile hali sita za nomino, neno linabadilika mwisho kutegemea kazi yake kwenye sentensi. Jamani, sisi tumekulia kwenye ngeli, kitabu changu kizuri kimepotea, viatu vyangu vizuri vimepotea, upatanisho tunao damuni, Mswahili akitulia hapo anawaacha wenzake mbali. Shida yetu iko kwenye mkazo. Kwetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho kila siku, kwao unahamahama, na o isipokuwa na mkazo inasikika kama a, kwa hiyo unaandika moloko unasema malako. Hilo halimezwi kwenye daftari, linaingia kwa masikio.

Ndo maana nasema soko. Kirusi ukitaja kipimo cha kitu, au ukisema kitu hakipo, nomino inabadilika: kartoshka ni viazi, lakini kilo ya viazi ni kilo kartoshki, na hakuna viazi ni net kartoshki. Darasani utachora majedwali mpaka uchoke, ila simama mbele ya bibi anayeuza nyanya na matango, nyuma yako kuna foleni, umekosea mwisho wa neno naye anakurudishia neno sahihi kwa sauti kubwa bila hata kukuangalia, hiyo haitoki kichwani. Supamaketi yenye mashine za kujilipia utatoka na mfuko wako hujaongea na mtu.

Basi nalo ni darasa. Mabasi ya Kazan yana kondakta, mara nyingi mama mtu mzima, na kukijaa mtu wa nyuma anakuuliza vykhodite, unashuka? Hushuki, unampisha. Kirusi kinatenganisha kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo, kuingia, kutoka, kufika, kupitiliza kituo, kila kimoja na kitenzi chake, na vyote utavisikia humo kwenye safari moja ya kwenda chuo.

Suala la heshima nalo lina utaratibu. Mwalimu anaitwa jina lake pamoja na la baba yake, Irina Viktorovna kwa mfano, ukimwita Irina kavukavu umemvunjia adabu, na mkubwa unamwambia vy, ile "wewe" ya heshima, siyo ty ya marafiki. Ila ule ukarimu wetu wa kusalimia kila mtu njiani utaupumzisha, mtaani hawachekicheki na wasiowajua na siyo chuki. Nisiwadanganye lakini, kukodolewa macho kupo, na maneno mabaya unaweza kukutana nayo, usiku usizurure peke yako. Mtu wa kumsalimia kila siku bila kukosa ni yule bibi anayekaa mlangoni hosteli. Mwanzoni atakugombeza huna kofia, baadaye atakuuliza mama yako anaendeleaje, na hapo una mwalimu wa bure.

Ukialikwa nyumbani kwa watu, viatu mlangoni, utapewa ndala za ndani. Usimpe mtu mkono kupitia kizingiti, ingia kwanza. Maua yawe idadi witiri, shufwa ni ya msibani. Kwa Watatari utaandaliwa chai ya maziwa (hapo Mswahili roho kwatu), echpochmak ambayo ni pai ya pembe tatu yenye nyama na viazi, na chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa vikagandishwa na asali. Halali haisumbui. Kul Sharif ule msikiti mkubwa ndani ya Kremlin, ngome ya kale ya mji, ulifunguliwa 2005, kukumbuka ule uliopotea Ivan wa Kutisha alipouteka mji 1552, wageni wote wanakimbilia pale, mi namshauri mtu aende Ijumaa msikiti wa Marjani uliojengwa miaka ya 1760 kwa ruhusa ya malkia Catherine wa Pili. Watu wa kule ni wa mtaani, na ukimtolea mzee salamu ya Kiislamu anaitikia palepale, maongezi yanaendelea kwa Kirusi cha polepole ambacho wewe na yeye wote mlijifunza ukubwani au shuleni.

Mwezi wa tano ukialikwa dacha, nenda hata kama una mtihani wiki inayofuata. Ni kijumba cha shamba nje ya mji, watu wanaenda kupanda viazi, utapewa koleo, na chombo unachofanyia kazi nacho kina hali yake ya nomino, koleo ni lopata, kwa koleo ni lopatoy, ukishachimba tuta zima huku unaelekezwa hutaiuliza tena. Jioni ni banya, bafu la mvuke mkali na kuchapwa majani ya mti wa birchi. Sabantuy, sikukuu ya Watatari ya mwezi wa sita, mieleka ya mikanda na kupanda mlingoti, ni raha tupu ila kwa lugha utaokota kidogo.

Wanaosoma udaktari kwa Kiingereza wasijione hawahusiki, wodini mgonjwa anaeleza tumbo lake kwa Kirusi.

Chumbani omba usiwekwe na Mbongo mwenzako, mtaonana jikoni. Unga wa mahindi unaitwa kukuruznaya muka, mara nyingi ni wa njano, songa ugali wako kwenye jiko la pamoja na uwe tayari kueleza kwa Kirusi kwa nini hautiwi chumvi.