Mzizi wa Kilatini ni kitu gani, na unakusaidiaje kushika maneno ya Kiingereza

Ukifika Moshi ukakaa karibu na geti la kupandia mlima utasikia porta, maporta, yani wale wapagazi wanaobeba mizigo ya wageni kuipandisha Kilimanjaro (wengine wanawaita wagumu, na kweli ni wagumu), na pale hata ambaye hajawahi kukaa darasa la Kiingereza anajua porta ni mbebaji. Sasa hapo tayari una mzizi wa Kilatini mkononi. Warumi wa kale, ambao lugha yao ndiyo Kilatini, walikuwa na kitenzi portare, maana yake kubeba, na hicho kipande cha port kimetapakaa kwenye Kiingereza kila kona. Export ni kubeba kupeleka nje, import ni kubeba kuingiza ndani, transport ni kubeba kuvusha toka huku mpaka kule, portable ni kitu kinachobebeka, deport ni kama kumbeba mtu ukamtoa nchini kwako. Hata ripoti ya mwisho wa mwezi ambayo bosi anaidai kila siku ni report, umebeba habari unamrudishia aliyekutuma. Maneno sita hayo, ila cha kukumbuka ni kimoja.

Basi mzizi ndio huo, kile kipande kinachobaki na maana yenyewe ukishavua viambishi vya mbele na vya nyuma. Sio mambo mageni, kwenye somo la Kiswahili tulichambua sana pika, pikia, pikika, mapishi, mpishi, na ukiangalia vizuri k imegeuka sh kwa mpishi lakini hakuna anayebabaika, kila mtu anaona ni ukoo mmoja. Kilatini nacho ndio hivyo hivyo, kuandika kuna sura mbili, scrib na script, ndio maana unapata describe halafu description, prescribe halafu prescription. Na maneno tuliyochukua kwa Waarabu tunayo mengi ya namna hiyo, kitabu, katibu, maktaba, mkataba, katiba, yote yana k na t na b na yote yanazunguka kwenye kuandika. Mtu akishakuonyesha hilo mara moja huwezi tena kuliona neno katibu kama zamani.

Mtu atauliza, mbona Kilatini, Waingereza si wana lugha yao? Wanayo, na kwa asili haijazaliwa na Kilatini, ni ndugu wa Kijerumani na Kiholanzi. Ila mwaka 597 wamisionari toka Roma walifika Kent, kule kule Uingereza, wakaja na maneno ya kanisa, halafu 1066 Wanormani wakavuka toka Ufaransa wakaiteka nchi na Kifaransa chao, ambacho ni mtoto wa Kilatini, na ndio kikawa lugha ya ikulu na mahakama, na baadaye sana, miaka ya 1500 na 1600, wasomi wakaanza kuchota Kilatini moja kwa moja kama wanachota maji kisimani. Matokeo yake zaidi ya nusu ya maneno ya kwenye kamusi ya Kiingereza asili yake ni Kilatini, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa. Lakini elewa hapa: maneno mafupi ya kila siku kama eat, go, water, mother, hayo ni ya kwao wenyewe. Kwa hiyo mizizi haikusaidii sana kupiga stori, inakusaidia pale kwenye Kiingereza kizito, kile cha vitabu vya shule na mikataba na hukumu na karatasi za hospitali, ambacho ndicho kinachotutoaga jasho.

Mzizi ninaoupenda mimi ni spect, kutazama. Inspekta wa polisi kazi yake ni kutazama ndani ya mambo. Spectator ni mtazamaji. Suspect, ile su ya mwanzo ni sub, yani chini, kwa hiyo ni kumtazama mtu kwa chini chini, na sidhani kuna Mswahili atahitaji maelezo zaidi ya hapo. Respect ni kutazama tena, mtu anapita halafu unageuka kumtazama mara ya pili, heshima ilianzia hapo. Halafu kuna rupt, kuvunja au kupasuka: Ol Doinyo Lengai ikilipuka ni erupt, imepasuka ikatoa nje, interrupt ni kuvunja maongezi ya watu katikati, na corrupt ni kilichovunjika kabisa kabisa, kwa hiyo wakisema mtu ni corrupt wanasema kitu ndani yake kimeshapasuka, rushwa ni dalili tu.

Viambishi vya mbele navyo vijue, ni vichache kuliko mizizi na vinajirudia kila mahali: re ni tena au kurudi, ex ni nje, trans ni kuvuka, sub ni chini, pre ni kabla. Kinachochanganya watu ni kwamba vinabadilika sura. In ya kukanusha ikikutana na p inakuwa im, impossible, ikikutana na l inakuwa il, illegal, ikikutana na r inakuwa ir, irregular. Watu wanakariri hizi kama vitu vinne tofauti wakati ni kimoja, na sisi wenyewe tunafanya hivyo bila kufikiri, tunasema nyumba ndefu lakini nyumba mbaya, ile n imegeuka m kwa sababu ya b, mdomo tu unatafuta urahisi.

Sasa mitego. Wengi wakishajua mizizi ishirini wanajiona wataalamu wanaanza kubahatisha maana kwenye mtihani, na hapo ndipo wanapoumia. Pasipoti, kwa mfano, haina kubeba ndani yake, port ya hapo ni bandari, kupita bandarini, na airport nayo ni bandari ya ndege. Pedestrian, yani mtembea kwa miguu, ana mguu wa Kilatini ndani yake, lakini daktari wa watoto anayeitwa pediatrician hana mguu wowote, ped yake ni ya Kigiriki na ni mtoto. Inflammable ukiisoma kwa ile in ya kukanusha utadhani kitu hakishiki moto, kumbe kinashika vizuri tu, hiyo in ni ya kuingia, kuingia kwenye moto, na kosa hilo unaweza kulifanya umeshika dumu la petroli. Hata kwetu ipo, kutubu ina k na t na b lakini haimo kwenye ukoo wa kitabu, k yake ni ya ku tu, ukiivua inabaki tubu, na hiyo imetoka kwenye kurejea kwa Mungu.

Na maana zinahama pia. Septem ni saba, octo nane, novem tisa, decem kumi, halafu Septemba ni mwezi wa tisa, sababu mwaka wa zamani wa Warumi ulianza Machi. Majina yalibaki, hesabu ikasogea.

Kwa hiyo mimi naona mzizi ni wa kukumbukia zaidi kuliko wa kubahatishia. Usikremu orodha ya mizizi mia tatu, utaisahau yote kabla ya Ijumaa. Chukua daftari, mzizi mmoja ukurasa mmoja, na uandike yale tu uliyokutana nayo mwenyewe unasoma, pamoja na sentensi yake, na kamusi iwe pembeni. Hata spelingi inasaidia, ile b ya debt isiyotamkwa iliingizwa na wasomi waliotaka neno lifanane na debitum ya Kilatini, kwa hiyo ukiandika debt fikiria debit ya benki, hutaisahau b tena.

Na kipo kichekesho kimoja. Ufaransa miaka ya 1820 kulianza magari ya farasi ya abiria wote yakaitwa omnibus, Kilatini, kwa ajili ya wote. Mzizi pale ni omn, wote. Waingereza wakakata neno wakautupa mzizi wakabaki na mkia, bus, ambao peke yake kwa Kilatini hauna maana yoyote, ni kiambishi tu cha nyuma. Ndio sisi tukauchukua, tukaweka i mwishoni, na ndio unaopanda kwenda mkoani.