Je, wajua kwa nini mpiga gitaa wa bendi ya roki hutoa albamu ya peke yake?

Bendi inajaza viwanja, inauza mamilioni ya nakala, na mpiga gitaa wake hana shida ya fedha wala ya jina. Ghafla anatangaza albamu yenye jina lake tu kwenye jalada. Mashabiki huwa na majibu mawili tayari: amevimba kichwa, au bendi imefika mwisho. Si uongo kila mara. Lakini ukizifuatilia albamu za namna hii moja baada ya nyingine, sababu inayojitokeza zaidi haina makuu: mtu ana nyimbo nyingi kuliko nafasi anayopewa.

Nafasi yenyewe ilikuwa na vipimo. Enzi za santuri, upande mmoja ulibeba dakika 20 hivi, au 25 ukijibana. Ukizidisha hapo, mifereji inayopitiwa na sindano inasongamana, sauti inafifia na besi inakonda. Albamu nzima basi ilikuwa dakika 40 na kitu, nyimbo 10 hadi 14. Watu wanne wenye kalamu hawaenei humo.

George Harrison, mpiga gitaa wa The Beatles, aliyajua hayo kuliko wengi. Ndani ya bendi hiyo, John Lennon na Paul McCartney walitunga karibu kila kitu. Tunasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa, na aliyekosa pa kulala ni wa tatu. Harrison alipata wimbo mmoja au miwili kwa albamu, mitatu kwenye Revolver ya 1966, minne kwenye ile ya santuri mbili ya 1968. Januari 1969 bendi ilikutana katika studio za filamu za Twickenham, London, ikafanya mazoezi mbele ya kamera. Harrison alileta “All Things Must Pass”, “Let It Down” na “Hear Me Lord”. Wa kwanza waliurudia mara kadhaa, kisha wakauacha. Tarehe 10 Januari aliondoka mazoezini, akaenda zake nyumbani, na siku hiyohiyo akatunga “Wah-Wah”, wimbo wa mtu aliyechoshwa. Baada ya siku kadhaa alirudi kwenye bendi, ila nyimbo zile hazikurudi naye.

Bendi ilipovunjika mwaka 1970, alizimwaga zote. All Things Must Pass ilitoka Novemba mwaka huo ikiwa na santuri 3: nyimbo 18 kwenye mbili za kwanza, na ya tatu imejaa wanamuziki wakipiga tu bila mpango, ambayo kwa maoni yangu ingebaki kabatini na dunia isingepoteza kitu. Humo mna “Isn't It a Pity”, uliotungwa 1966 na kungoja miaka 4. Mna “My Sweet Lord”, ulioshika nambari 1 Uingereza na Marekani. (Kwa hesabu kali, hii haikuwa albamu yake ya kwanza. Alikuwa ameshatoa muziki wa filamu mwaka 1968 na majaribio ya sinthesaiza mwaka 1969. Ila ndiyo ya kwanza iliyokuwa na nyimbo zake hasa.)

Anayeifungua kwa kutarajia mbwembwe za gitaa atashangaa. Kinachosikika sana ni magitaa makavu, yasiyo ya umeme, mengi yakipigwa kwa pamoja mpaka yanakuwa kitu kimoja kinene, kazi aliyoisimamia pamoja na mtayarishaji Phil Spector. Juu yake ndipo linapopita gitaa la umeme lililopigwa kwa kutelezesha bomba juu ya nyuzi, mtindo alioanza kuushika mwishoni mwa 1969. Ni gitaa linaloimba tuni fupi, halikimbii. Nimeona jambo hili kwenye albamu nyingi za wapiga gitaa: mtu aliyekuwa akipewa sekunde 30 za kuonyesha ufundi katikati ya wimbo wa mwenzake, akipata albamu nzima hahangaiki tena kuonyesha ufundi. Anataka asikike kama mtunzi.

Na utunzi una fedha zake. Mapato ya maonyesho bendi inaweza kugawana sawa kwa sawa, lakini mirabaha ya utunzi, yaani malipo ya wimbo kila unapouzwa au kuchezwa, humwendea yule aliyeandikwa kuwa mtunzi. Mpiga gitaa anaweza kubuni ule mlio wa mwanzo ambao kila mtu anaukumbuka, na asipoandikwa, upande huo hapati kitu.

Tazama Animals, albamu ya Pink Floyd ya 1977. Ina vipande 5, na jina la mpiga gitaa David Gilmour limo kwenye kimoja tu, “Dogs”, tena akiwa na mpiga besi Roger Waters. “Dogs” ina dakika 17 na inajaza karibu upande mzima wa santuri. Waters naye alikuwa na kiwimbo kifupi cha gitaa kavu, “Pigs on the Wing”, kilichokatwa nusu mbili: moja ikafungua albamu, nyingine ikaifunga, kila moja dakika moja na nusu hivi. Mgao ulihesabiwa kwa idadi ya nyimbo, si kwa dakika. Nusu mbili zile zikawa mbili, na dakika 17 zikabaki moja. Hata mtu mpole angeanza kupiga hesabu. Mei 1978 Gilmour alitoa albamu yake ya kwanza, iliyoitwa David Gilmour tu, akiwa na mpiga besi Rick Wills na mpiga ngoma Willie Wilson, watu aliopiga nao muziki kabla hajaingia Pink Floyd.

Wapo ambao hawakusukumwa na uhaba wa nafasi. Mpiga gitaa Pete Townshend ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu wa bendi ya The Who, hakuna aliyembania. Ila alikuwa na studio nyumbani, na mazoea ya kurekodi wimbo mzima peke yake kabla ya kuwapelekea wenzake. Who Came First ya 1972 imetokana na mazoea hayo, na karibu vyombo vyote humo kavipiga mwenyewe.

Na kuna KISS, ambao walifanya jambo hili kama operesheni ya biashara. Tarehe 18 Septemba 1978 wanabendi wote wanne walitoa albamu zao siku moja kupitia kampuni ya Casablanca. Nakala zilisambazwa nyingi mno, na nyingi zikarudishwa. Mpiga gitaa Ace Frehley ndiye aliyetarajiwa kidogo: hadi 1977 hakuwa ameongoza kuimba hata wimbo mmoja kwenye albamu za bendi. Aliingia studio na mtayarishaji Eddie Kramer na mpiga ngoma Anton Fig, akapiga magitaa na sehemu kubwa ya besi mwenyewe. “New York Groove”, wimbo wa Russ Ballard, ukafika nambari 13 Marekani, na hakuna wimbo wa wenzake watatu uliofika hapo. Mwaka 1982 alifunga virago.

Mtihani mkubwa wa albamu hizi ni nani ataimba. Steve Howe wa Yes aliamua kuimba mwenyewe kwenye Beginnings ya 1975, na sauti yake ilisemwa kuliko gitaa lake. Slash wa Guns N' Roses haimbi. Mwaka 1995 nyimbo ambazo bendi haikuzitaka alizitoa akiwa na kundi lililoitwa Slash's Snakepit. Kwenye albamu ya 2010 yenye jina lake pekee aliita waimbaji chungu nzima, akiwemo Ozzy Osbourne, Iggy Pop, Chris Cornell na Fergie. Kirk Hammett wa Metallica alikwepa swali kabisa: mwaka 2022 alitoa vipande 4 visivyo na mwimbaji.

Keith Richards aliimba, kwa sauti yake ile ya mikwaruzo. Huyu ndiye aliyeburuzwa. Kwa zaidi ya miaka 20 hakutaka albamu nje ya bendi yake, The Rolling Stones, mpaka mwimbaji wao Mick Jagger alipotoa yake mwaka 1985 na uhusiano wao ukachacha. Talk Is Cheap ikatoka 1988, na ndani yake “You Don't Move Me” inamlenga Jagger bila kumtaja. Mwaka uliofuata wawili hao walikutana Barbados, wakatunga pamoja, na bendi ikatoa Steel Wheels.

Kwa hiyo albamu ya namna hii si lazima iwe talaka. Steve Hackett alipotoa Voyage of the Acolyte mwaka 1975, wenzake wa Genesis Phil Collins na Mike Rutherford walimpigia vyombo, na Collins akaimba. Alibaki kwenye bendi mpaka 1977, akaondoka kwa sababu ileile ya nyimbo zake kukosa nafasi. Kwa Gilmour mambo yalikwenda kinyume. Mwishoni mwa kurekodi albamu yake ya 1978 alibaki na tuni moja ambayo hakuwahi kuitumia. Akaitia mfukoni, akaipeleka Pink Floyd, Waters akaiandikia maneno, na 1979 ikatoka kwenye The Wall kwa jina la “Comfortably Numb”.