Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji: yanayosemwa na yalivyo

"Mwenyekiti akishasaini, ardhi imetolewa."

Hii ndiyo inayovuruga vijiji vingi Tanzania, hasa ambako lami imefika na bei ya ekari imepanda. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini wa wanakijiji. Haimpi mwenyekiti wala mtendaji mamlaka ya kugawa, na halmashauri yenyewe haigawi mpaka mkutano mkuu wa kijiji uidhinishe. Kwa hiyo anayepewa eneo aombe muhtasari wa mkutano huo: tarehe, mahudhurio yenye saini, na azimio linalotaja ukubwa wa eneo na majirani wa pande zote nne. Muhtasari unaosema tu "ombi lilijadiliwa" haumsaidii, maana kujadili si kuidhinisha. Aangalie pia kama karatasi ya mahudhurio ni ya siku hiyo hiyo. Ya mkutano mwingine kubanwa pamoja na muhtasari si jambo geni.

"Mkutano mkuu ni wa wakuu wa kaya."

Si kweli. Ni wa kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18. Mke hawakilishwi na mumewe.

"Ardhi bado ipo tele, mipango ingoje."

Tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa watu nchini wanaongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka, na kaya ina wastani wa watu 4.3. Kijiji cha watu 3,000 kikikua kwa kasi hiyo, baada ya miaka 10 kitakuwa na watu kama 4,100, yaani kaya mpya zipatazo 260. Kila kaya ikichukua nusu ekari, ni ekari 130 za makazi tu, kabla ya barabara, shule, soko na makaburi. Kinachouzwa kwanza ni viwanja vya kando ya barabara, na huko huko ndiko zahanati na soko vingefaa kukaa. Maeneo ya huduma yatengwe kabla kiwanja cha kwanza hakijapimwa. Ukisubiri, utayatafuta kwa fidia.

"Ramani ni kazi ya wataalamu wa wilaya."

Wao huwezesha. Chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, halmashauri ya kijiji ndiyo mamlaka ya kupanga, na mkutano mkuu ndio unaopitisha. Kazi huanza na mipaka: vijiji jirani vikubaliane na kusaini, la sivyo cheti cha ardhi ya kijiji hukwama. Kisha wanawake, wafugaji na vijana wachore ramani zao kila kundi peke yake, hata kwa vijiti na majivu chini, ndipo zilinganishwe.

Msimu nao una uzito. Ramani ikichorwa kiangazi wakati wafugaji wamehama na mifugo, njia ya kwenda mtoni haionekani, na eneo hilo linagawiwa kuwa shamba. Mvua zikirudi ng'ombe wanapita walipozoea, sasa katikati ya mahindi. Hapo hakuna mkorofi. Kuna ramani yenye kasoro. Sheria ndogo za kulinda mpango nazo zinahitaji idhini ya halmashauri ya wilaya. Bila idhini hiyo, faini inayotozwa haina nguvu.

"Tumechangia mawe na mchanga, basi tumeshirikishwa."

Kuchangia nguvu kazi ni sehemu ndogo ya ushirikishwaji. Aliyeamua kwamba lianze darasa na si kisima ni nani? Maboma mengi, yaani majengo yaliyoishia kwenye kuta bila paa, yalianza kwa shauku, nje ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na vipaumbele hupita mkutano mkuu, kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya, miezi mingi kabla ya hapo. Mhandisi wa halmashauri ya wilaya akague msingi kabla ukuta haujapanda, kwa sababu boma lenye msingi mbovu halipandishiwi paa hata fedha zikija.