Kanisa la Holy Ghost Mombasa: kazi ilikuwa upana

Watu wakiongea kuhusu kanisa la Kikatoliki la Holy Ghost pale Nkrumah Road huanza na ile minara miwili, na ni haki yao, imekaa vizuri. Mimi lakini kazi yangu ni majengo ya zamani ya pwani, na nikiingia mle ndani kitu cha kwanza naangalia ni upana, yaani kutoka ukuta huu mpaka ule. Kwa Mombasa ya wakati ule upana kama huo ulikuwa jambo kubwa sana na hebu niwaeleze kwa nini.

Ingia nyumba yoyote ya zamani Mji wa Kale ambayo haijavunjwa. Vyumba virefu lakini vyembamba. Sio kwamba wazee hawakupenda nafasi, ni boriti. Dari imebebwa na boriti za mkoko, halafu juu yake kuna mawe na chokaa nzito, sasa boriti ikibebeshwa mzigo huo haivuki zaidi ya mita 2.5, au 3 ukijitahidi, ukiilazimisha zaidi ya hapo inapinda. Kwa hiyo ni mti wa mkoko uliokuwa unapima vyumba vya watu, Lamu, Mombasa, Kilwa kote huko.

Misikiti ya zamani ilikutana na shida hiyohiyo na wakaitatua kwa nguzo nyingi. Ukienda Gede kwenye magofu, msikiti mkuu una safu tatu za nguzo na ile ya katikati imekuja sawasawa mbele ya kibla. Kwenye swala hilo halisumbui sana kwa sababu watu wamejipanga safu, wanaelekea upande mmoja, wanamsikia imamu, si lazima kila mtu amwone. Misa ni mambo mengine. Padre akiinua hostia, yaani mkate wa misa, mpaka yule mama aliyekaa benchi la mwisho anataka aone, na maandamano lazima yapite katikati, na nguzo mbele ya altare, ile meza ya misa, haiwezekani kabisa. Kwa hiyo kanisa kubwa pwani lilikuwa linadai kitu ambacho boriti haiwezi kutoa.

Ukristo wenyewe Mombasa si wa jana. Wareno walianza kujenga Fort Jesus 1593, mapadri wa Kiagustino wakafungua nyumba yao hapa 1597, halafu ikaja 1631 sultani Yusuf bin Hasan, aliyebatizwa Jerónimo, akawageukia Wareno na Wakristo wengi wakauawa, na ngome ikaanguka mikononi mwa Waomani 1698. Habari hiyo inastahili makala yake. Hapa kinachonihusu ni Wamisionari wa Roho Mtakatifu, ambao walishika kazi Zanzibar 1863, Bagamoyo 1868, ndipo baadaye wakaja Mombasa. Na wamefika mji unabadilika, reli inaanza kujengwa 1896, bandari inakua, wanakuja Wagoa wengi, watu wa Goa kule India, kufanya kazi za ofisi na forodha, Wakatoliki hao tangu kwa mababu zao, pamoja na Waafrika kutoka bara na Wazungu, na wote Jumapili wanataka mahali pa kusali.

Kabla ya hapo kuna mtu alishajaribu kulitatua hili jambo la upana, tena hakuwa Mkatoliki. Askofu Edward Steere, Mwanglikana, ndiye aliyejenga kanisa la Mkunazini Zanzibar pale palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya 1873. Paa lake akalifanya tao moja refu la zege, matumbawe yaliyopondwa yakachanganywa na simiti, limetoka ukuta mpaka ukuta bila boriti hata moja. Watu walisema mbao za chini zikitolewa tu litaanguka. Zikatolewa, likabaki, na lipo mpaka leo. Kwangu mimi hiyo ni moja ya kazi za ujasiri kabisa katika ujenzi wa pwani hii na inaniuma kwamba mafundi wetu vijana wengi hawajawahi kuisikia.

Sasa hapa Mombasa, barabara ileile ya Nkrumah, Waanglikana walijenga kanisa lao kuu la kumbukumbu, likawekwa wakfu 1905, mchora ramani wake J. H. Sinclair. Sinclair alipenda sura ya mashariki, akaweka kuba, na mgeni akipita haraka anaweza kudhani ni msikiti. Wakatoliki hawakuenda huko. Zanzibar walikuwa tayari na Mtakatifu Yosefu, lililojengwa 1893 hadi 1898, lenye minara miwili, na Mombasa pia wakachagua minara miwili na ile sura ya makanisa ya Ulaya ya karne ya 11 na 12, matao ya nusu duara, kuta nzito. Kanisa tunaloliona leo ni la mwishoni mwa miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Wapo wanaosema ni Ulaya tu imehamishiwa pwani. Mimi sikubaliani, kwa sababu mpango ule unajibu shida ya hapahapa. Angalia kazi inavyofanyika: katikati kuna ukumbi mrefu wa juu, kulia na kushoto safu za nguzo zenye matao, nje ya nguzo njia za pembeni. Nguzo zipo lakini zimesogezwa pembeni, altare iko wazi kutoka mlangoni. Na tao la mawe lina tabia moja, halikai kimya, siku zote linasukuma kwenda nje kwenye miguu yake. Kwa hiyo likisukuma kulia na kushoto linapokelewa na zile sehemu za pembeni na ukuta mnene, na safu nzima ya matao ikisukuma kwenda mbele inakutana na uzito wa minara. Ndiyo maana nasema minara ile si pambo tu, inafanya kazi kama mtu aliyeegemeza mgongo mlangoni usifunguke.

Kitu kingine watu hawakijui, kanisa lile halikuanza kama kanisa la askofu. Jimbo la Mombasa limeundwa 1955, na kuwa jimbo kuu ni 1990. Walipolijenga huku kote kulikuwa bado chini ya Zanzibar kikanisa. Yaani walijenga kubwa hivyo kwa ajili ya misheni ya mji, na miaka zaidi ya 30 baadaye askofu akalikuta tayari. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, makanisa dunia nzima yakageuza mpangilio padre awatazame watu, na ukumbi uliokuwa tayari wazi katikati haukupata taabu.

Halafu joto. Urefu ule wa dari hewa ya moto inapanda na kutafuta matundu ya juu, milango ya pembeni ikiwa wazi ya baridi inaingia chini, iwe kusi iwe kaskazi. Kuna parokia moja pwani, sitaitaja, niliitwa kuangalia kwa nini ukuta wa zamani unamwaga rangi, nikakuta matundu yamezibwa ili popo wasiingie na lipu ya chokaa imebanduliwa ikawekwa ya simiti. Ukuta wa matumbawe na chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ukiufunga kwa simiti maji na chumvi vinabaki ndani vinasukuma, kila mwaka kamati inapaka upya na kila mwaka rangi inadondoka. Popo weka wavu. Lipu rudisha chokaa, iliyolowekwa vizuri, tena miezi ikiwezekana, na fundi asikuongezee simiti ati ikaze haraka. Inakauka polepole, pengine harusi mbili tatu zitafungwa na ukuta bado una madoa, vumilieni.