Padeli kwa mara ya kwanza Nairobi: mnayoambiwa na yaliyo kweli

Padeli ni mchezo wa raketi unaofanana na tenisi, ila uwanja umezungukwa na kioo na uzio wa waya. Huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kwa hiyo ukitafuta marafiki watatu wa kwenda nao uwanjani umemaliza kazi kubwa. Kinachobaki ni kuwatoa vichwani mambo waliyosikia.

"Anayepiga kwa nguvu ndiye mshindi"

Dhana hii ndiyo inayoharibu saa ya kwanza ya wengi. Uwanja una urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 tu, na nyuma umezibwa kwa kioo cha mita 3. Mpira uliochapwa kwa nguvu hudunda, hugonga kioo, kisha humrudia mpinzani katikati ya uwanja akiwa na muda tele wa kuuadhibu. Nairobi ni zaidi: tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka haraka na kudunda juu kuliko Mombasa.

Punguza mkono. Usiirudishe raketi nyuma sana. Usukume mpira mbele. Pigo litakalokufaa kuliko yote siku hiyo ni lobu, yaani mpira wa juu unaowapita wapinzani walio karibu na neti na kuangukia nyuma yao. Wakigeuka kuufuata, wewe na mwenzako songeni mbele pamoja.

"Mpira ukigusa ukuta umetoka"

Angalia umegusa nini kwanza. Ukidunda chini upande wa wapinzani kisha ukagonga kioo, mchezo unaendelea hadi udunde mara ya pili. Ukigonga kioo chao au uzio wao wa waya kabla ya kugusa chini, pointi ni yao. Wewe pia unaruhusiwa kuupiga mpira kwenye kioo cha upande wako ili uvuke neti.

Wanaoanza huukimbilia mpira na kuukuta umebanwa kati yao na kioo. Geuka ubavu, uache upite, rudi nyuma nao, uupige ukishatoka kwenye kioo, usawa wa kiuno. Kabla ya kuhesabu pointi yoyote, fanyeni zoezi hili dakika kumi: mmoja arushe kwa mkono, mwingine asubiri. Mvua ikiwa imenyesha, pangusa kioo kwanza, kwa sababu mpira huteleza kwenye maji badala ya kurudi ulivyotarajia.

"Anayejua tenisi hana la kujifunza"

Hesabu ni ileile: 15, 30, 40. Kuanzisha pointi (sevu) ndiko kunakotofautiana. Simama nyuma ya mstari wa kuanzishia, dundisha mpira, uupige ukiwa usawa wa kiuno au chini yake, uende kwa mshazari. Ukishadunda ndani ya kisanduku cha kupokelea, upande wa pili wa neti, ukagonga kioo, ni sawa. Ukigonga waya kabla ya kudunda tena, ni kosa. Una nafasi mbili.

"Mpira wowote wa tenisi unafaa"

Mpira wa padeli una presha ndogo kuliko wa tenisi. Tena, kanuni zinaruhusu mpira unaodunda chini zaidi panapozidi mita 500 juu ya bahari, na Nairobi imepita hapo mbali. Kabla ya kununua kopo la mipira, uliza kama ni ya maeneo ya miinuko.

"Viatu vya kukimbia vinatosha"

Hapa tunasisitiza. Soli yake ni nene na laini, nayo padeli ni kukata kona kwenye nyasi bandia zenye mchanga. Mguu hubaki, mwili huenda, kifundo hupinda. Vaa viatu vya tenisi vyenye soli ya mistari ya zigizaga.

"Lazima ununue raketi"

Kodini. Chagua yenye kichwa cha duara: eneo lake zuri la kupigia ni pana, na husamehe pigo lililokosea kidogo. Kamba yake ifungwe kwenye kifundo cha mkono kabla ya pointi ya kwanza. Ni kanuni ya mchezo, na mwenzako amesimama hatua chache tu kutoka kwako.